Mwendo wa mtungi: jinsi ya kujiandaa kwa vilima vya Tenby

Nyanya yangu wa Wundanyi, kwenye milima ya Taita kule Kenya, alikuwa akiteka maji bondeni na kupanda nayo hadi nyumbani, mtungi wa lita 20 mgongoni, kamba imepita kichwani. Sisi watoto tulimpita mbio. Tulifika kona ya pili tunahema, tukaketi juu ya jiwe, naye akatupita pale pale kwa mwendo ule ule aliotoka nao chini, huku akiongea na jirani. Hakuwahi kusimama.

Nilimkumbuka nikiwa nimekaa kando ya barabara Saundersfoot, magharibi mwa Wales, katikati ya Ironman Wales, mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, baiskeli imelala majanini, paja la kulia limekaza kama ubao. Nilikuwa nimepita watu wengi asubuhi ile kwenye vilima vya mwanzo. Sasa wote walikuwa wakinipita, mmoja mmoja, bila haraka. Nilifika eneo la kubadilishia, pale unapoacha baiskeli uanze kukimbia, dakika sita baada ya muda kufungwa. Mama mmoja wa kujitolea alipiga magoti, akanifungua kifaa cha kupimia muda kifundoni, akanishika mkono. Mwaka uliofuata nilirudi nikamaliza, kwa saa 15 na dakika 47. Nguvu zangu hazikuwa zimeongezeka sana. Nilikuwa nimejifunza kupanda kama nyanya, na ndiyo maana naandika haya kwa yeyote anayefikiria mashindano ya aina hii.

Tuanze na kazi yenyewe. Triathloni ndefu ni kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia marathoni nzima ya kilomita 42.2, yote siku moja. Ironman Wales hufanyika Tenby, mji wa pwani, kila Septemba, ilianza 2011. Njia ya baiskeli ina takriban mita 2,400 za kupanda ukijumlisha, lakini usifikirie mlima mmoja mrefu. Barabara ya kwetu kutoka Mwatate kwenda Wundanyi ni mpando mmoja wenye kona nyingi: unaingia gia, unatulia, unafika. Pembrokeshire, wilaya ilipo Tenby, ni vilima vifupi vikali vinavyofuatana, barabara nyembamba zenye ua mrefu wa vichaka pande zote mbili, na hakuna mahali pa kupumzika kwa muda mrefu. Kila kilima kinakuambia, "Mimi ni mdogo, nimalize kwa nguvu." Ukikubali mara arobaini, umekwisha.

Gia kwanza, mapafu baadaye

Naanza na gia kwa sababu ndilo kosa lililonigharimu, na ndilo rahisi kurekebisha. Duka nililonunulia baiskeli waliniambia sproketi (gurudumu la meno linalobeba cheni) ya nyuma ya meno 25 inatosha, mbele nikiwa na 39. Nikawaamini. Sasa fanya hesabu nami. Penye mwinamo wa asilimia 16, kama kile kilima cha kutoka Wiseman's Bridge, mtu wa kawaida kama mimi hupanda kwa kilomita 6 hivi kwa saa. Kwa 39 mbele na 25 nyuma, kwa kasi hiyo pedali huzunguka mara 30 tu kwa dakika. Hapo huendeshi, unasukuma ukuta kwa goti. Kwa 34 mbele na 34 nyuma, kasi ile ile, pedali huzunguka mara 48. Bado ni kazi, lakini ni kazi ambayo mguu unaweza kuirudia mchana kutwa.

Kwa hiyo kabla hujanunua magurudumu ya bei, nenda kwa fundi wa baiskeli umwambie akufungie gia nyepesi kuliko zote ambazo baiskeli yako inakubali. Huenda akalazimika kubadilisha cheni iwe ndefu zaidi, na pengine ile derela ya nyuma, kifaa kinachohamisha cheni, pia. Lipa. Kisha panda nayo angalau miezi miwili kabla ya mashindano, upate kujua ubadilishe gia wakati gani: kabla ya mwinamo, cheni ikiwa bado haijabeba uzito. Ukingoja hadi pedali zikwame, cheni inaweza kuruka.

Na kama bado ni kali mno, shuka utembee. Sheria inakuruhusu kuisukuma baiskeli. Kwenye mita zile hamsini kali kabisa, anayetembea na anayepanda kwa kuyumba hawaachani kwa lolote la maana, na anayetembea anaokoa mapaja.

Kujizuia ni zoezi

Kupanda polepole ni kazi ya kufundishwa. Mtu hazaliwi nayo. Mimi nilianza kwa kujipima: nusu saa peke yangu kwa nguvu zote ninazoweza kuzidumisha, kwenye barabara isiyo na taa za trafiki, kisha nikachukua wastani wa mapigo ya moyo kwa dakika 20 za mwisho. Yangu ilikuwa 162. Ndicho kikomo, na siku ya kilomita 180 unapaswa kukaa chini yake sana. Nilijiwekea 135 barabara ya kawaida, na 150 penye mwinamo mkali, isizidi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nafika 168 kila kilima, nikijiona shujaa.

Kwangu Swansea vilima haviko mbali. Jumamosi, kama sina zamu ya usiku wodini, nilikwenda rasi ya Gower nikapanda Cefn Bryn mara sita, kila mara nikilenga kufika juu kwa dakika zile zile na mapigo yale yale. Mara ya kwanza utajiona unazembea. Mara ya sita ndiyo inayokueleza ukweli: kama imekuwa polepole kuliko ya kwanza, ulianza kwa pupa. Zoezi lingine lililonisaidia ni kuanza na kilomita 80 za tambarare, ndipo niingie vilimani mguu ukiwa umeshachoka. Huko Tenby vilima vikali zaidi vinakuja mwishoni mwa mzunguko wa baiskeli, na unavipita mara mbili.

Nilipokwenda nyumbani likizo ya Desemba nilichukua baiskeli ya binamu yangu, nzito, nikawa napanda Mwatate hadi Wundanyi alfajiri kabla matatu hazijajaa barabarani. Mama alikuwa akinisubiri na chai. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, unafukuzwa na nani?" Siku ya tano akasema, "Leo unapanda kama mtu mwenye safari." Sijapata kocha aliyenipa tathmini bora kuliko hiyo.

Kuhusu wingi wa mazoezi: nilianza Februari kwa saa 7 kwa wiki, nikafika 12 mwezi Julai, na kila wiki ya nne nilipunguza karibu nusu. Safari ndefu ya baiskeli ilitoka kilomita 60 hadi 160. Wiki tatu za mwisho nilipunguza hatua kwa hatua. Ukikosa siku moja kwa sababu ya kazi au mtoto, usiilipe kesho yake, endelea tu.

Ukiweza, ifahamu njia kwa macho yako. Reli ya kutoka Swansea kwenda Pembroke Dock hupita Tenby, nami nilipanda treni na baiskeli mara tatu msimu ule. Sehemu ya kwenda kijiji cha Angle na ufuo wa Freshwater West iko wazi kwa upepo wa Atlantiki. Huko usishindane na upepo, inama tu uendelee. Miteremko ni hatari kuliko mipando: barabara huwa na tope la matrekta na maji, kona zimefichwa na ua. Funga breki kabla ya kona na si ndani yake.

Bahari

Mimi ni mtu wa milimani, nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka 31. Kwa hiyo naisema hii kwa moyo wote kwa wenzangu waliokua mbali na maji: baridi inaogopesha kuliko umbali. Maji ya Tenby mwezi Septemba huwa kama nyuzi 16. Suti ya mpira inasaidia sana, ila uso, mikono na miguu vinabaki wazi, na dakika ya kwanza kifua kinashtuka, pumzi inakuja kwa kukatika. Hilo ni jibu la mwili kwa baridi, halina maana kwamba unakufa. Hupita ndani ya dakika moja hadi tatu. Dawa yake ni kulala chali, ukaelea, ukatoa pumzi ndefu hadi itulie, ndipo uanze kuogelea.

Nilizoea kidogo kidogo ufuoni Caswell kuanzia Mei: dakika tano, kisha kumi, daima na mwenzangu na boya la rangi kali kiunoni. Usiingie baharini peke yako, hata kama umeshakuwa hodari. Jizoeze pia kuinua macho kila baada ya mikono minane hivi kutafuta alama ya nchi kavu, maana baharini hakuna mstari chini wa kukuongoza. Na ukigusana na kiwavi wa baharini, yule mnyama laini kama jeli, mara nyingi huwasha kidogo tu, endelea.

Ukitoka majini ufuo wa kaskazini, unapanda njia ya kona kona hadi mjini, kisha unakimbia karibu kilomita nzima hadi kwenye baiskeli. Ndiyo maana kila mshiriki hutundika mfuko mdogo wa waridi wenye viatu kwenye ndoano yenye namba yake. Weka viatu vikuukuu visivyo na kamba za kufunga, vidole vikiwa vimekufa ganzi huwezi kufunga kitu. Na pale, katikati ya vifijo vya watu wote wale, ndipo wengi wanapopandisha moyo bila kujua. Mimi mwaka wa pili nilitembea nusu ya ile njia. Watu walinishangilia vile vile.

Kula, kisha kukimbia

Lengo langu lilikuwa gramu 60 za wanga kila saa kwenye baiskeli. Jeli moja, kile kipakiti cha sukari nzito ya kufyonza, huwa na gramu 20 hadi 25, ndizi mbivu ya kiasi kama 25, tende ndogo tano karibu 30. Nilibeba pia viazi vidogo vya kuchemsha vilivyotiwa chumvi, kwa sababu baada ya saa nne utamu unachukiza na mtu anaacha kula. Kula kwenye tambarare au mara tu baada ya mteremko, kamwe si ukiwa unapanda: huwezi kutafuna na kuhema kwa pamoja. Nilitega saa inilie kila dakika 20. Na chochote utakachokula siku hiyo, ukile kwanza kwenye mazoezi, angalau mara tano. Tumbo halipendi wageni.

Marathoni yenyewe ni mizunguko minne kati ya mji wa kale wenye ukuta na kijiji cha New Hedges kilicho juu. Kila mzunguko unapewa utepe wa rangi mkononi, na macho yako yatakuwa kwenye mikono ya wenzako muda wote, kuhesabu nani kabaki na mingapi. Kinachoumiza si kupanda, ni kushuka, kwa sababu mapaja yanafunga breki kila hatua. Kwa hiyo mara moja kwa wiki, baada ya baiskeli, nilikimbia nusu saa kwenye kilima cha mtaani kwetu nikisisitiza mteremko: hatua fupi, za haraka, magoti yamelegea. Anza na mara mbili tatu tu. Ukizidisha siku ya kwanza hutashuka ngazi kwa siku tatu.

Siku yenyewe niliamua mapema: nitakimbia kushuka na tambarare, nitatembea kupanda, kuanzia mzunguko wa kwanza nikiwa bado na nguvu. Kutembea kwa mpango ni tofauti kabisa na kutembea kwa kushindwa. Mzunguko wa tatu nilianza kupita watu, na sikuwa nimeongeza mwendo hata kidogo.

Mwisho, mambo ya nyumba. Tenby ni mji mdogo na vyumba hujaa mapema, kwa hiyo tafuta malazi mara tu unapojiandikisha, na usitegemee treni usiku ule. Mpe mtu wako nguo nzito, soksi kavu na chupa ya chai ya tangawizi akusubiri nayo baada ya mstari, kwa maana ukisimama tu, baridi inaingia. Mimi dada yangu alikuwa amenipigia mama kwa video, simu mkononi. Kule Wundanyi ilikuwa imeshapita saa sita ya usiku. Mama alikuwa macho, taa imewashwa, na swali lake la kwanza lilikuwa kama nimekula.