Kutafuta ushahidi kwenye barua pepe za kampuni: faharasa kwanza

Ukikabidhiwa kumbukumbu za kampuni uzitafutie ushahidi wa kesi, usikimbilie kuandika maneno ya kutafuta. Programu ya kutafutia haisomi mafaili yenyewe. Inasoma faharasa, yaani orodha ya maneno yaliyomo kwenye mafaili, iliyojengwa mapema, na kisichoingia humo hutakiona. Fungua ripoti ya mafaili yaliyoshindikana: yenye nywila, yaliyoharibika, na PDF za skana ambazo ni picha tupu. Hizo za skana zipitishe kwenye OCR (programu inayogeuza picha ya maandishi kuwa maandishi), ikiwezekana kutoka skana ya nukta 300 kwa inchi, kisha jenga faharasa upya.

Kiswahili ndicho kinachoangusha wengi. Faharasa nyingi huja na kanuni za Kiingereza, zinazokata miisho ya maneno tu. Ukitafuta "lipa" hupati "hawajalipa" wala "tulilipwa", na lipa* (nyota husimama badala ya herufi zozote) haisaidii kwa kuwa viambishi vyetu viko mbele. Weka nyota mbele: *lipa, *lipe, *lipi, *lipw*, halafu malipo* peke yake. Usijaribu *lip*, itakuzoa kila "alipofika" na "walipata" iliyomo. Programu ikikataa nyota ya mbele au ikazidiwa, mwombe fundi ajenge faharasa inayokata kila neno vipande vya herufi 3, ili hata sehemu ya neno ipatikane.

Jambo jingine ni saa. Barua pepe nyingi huhifadhiwa kwa saa za UTC (saa rasmi za kimataifa), nyuma yetu kwa saa 3. Iliyotumwa saa 7 usiku tarehe 1 Julai itasomeka 30 Juni, na kichujio cha tarehe kinachoanzia 1 Julai kitaiacha nje. Weka saa za Afrika Mashariki kabla ya kuingiza data.