Kutumia Pedali ya Kompresa kwenye Gitaa la Umeme

Mpiga gitaa la solo anapoingia kwenye sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa hutawala na watu hucheza, mara nyingi hurudia kifungu kimoja cha nota sita au nane kwa dakika kadhaa, juu ya nyuzi nyembamba, mbali na kichwa cha gitaa. Kifungu hicho hupendeza pale tu kila nota inaposikika kwa uzito wake. Nota moja ikizama chini ya ngoma, au nyingine ikichomoza kuliko wenzake, wachezaji huhisi hitilafu hata kama hawawezi kuitaja. Wakongwe wa muziki wa dansi walilimaliza jambo hili kwa vidole vyao na kwa mazoezi ya kila siku, na hadi leo hakuna kifaa kinachochukua nafasi ya mazoezi hayo. Pedali ya kompresa, kifaa cha kukanyaga kwa mguu kinachosawazisha nguvu ya sauti, hata hivyo, ni msaada mkubwa kwa anayeielewa. Kwa asiyeielewa, inaweza kuua gitaa zuri kabisa.

Tuanze na kazi yake. Fundi mitambo makini humshushia mwimbaji sauti anapopaza na kumpandishia anapoimba kwa chini. Kompresa hulifanyia gitaa kazi hiyohiyo, ila kwa kasi ambayo mkono wa mtu hauwezi kuifikia. Ndani yake kuna kiwango kinachoitwa kizingiti. Sauti iliyo chini ya kizingiti hupita bila kuguswa, na iliyo juu yake hupunguzwa kwa uwiano fulani. Tuseme uwiano ni 4:1 na umepiga uzi kwa nguvu hadi ukapita kizingiti kwa desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti): kompresa itaruhusu desibeli 3 tu zipite juu ya kizingiti, na 9 zilizobaki itazikata. Baada ya hapo sauti yote huinuliwa kwa pamoja ili kilele kirudi karibu na pale kilipokuwa. Kuinuliwa huko ndiko kunakoleta mabadiliko unayoyasikia, kwa sababu nota ndogo, ambazo hazikukatwa chochote, nazo hupanda kwa desibeli zilezile 9. Ndiyo maana mlio wa gitaa huonekana kudumu zaidi. Uzi hautetemi kwa muda mrefu kuliko zamani. Mkia wa nota, ambao awali ulififia usisikike, sasa umeletwa mbele.

Msomaji aikumbuke hesabu hiyo, kwa maana mvumo wa umeme, msuguano wa vidole kwenye nyuzi na ukorofi wa waya mbovu navyo viko chini ya kizingiti, na navyo hupanda kwa desibeli 9.

Pedali za kompresa zina vitufe vya kuzungusha vinavyotofautiana idadi. Dyna Comp ya kampuni ya MXR ya Marekani, iliyoingia sokoni miaka ya 1970 na ikapendwa mno na wapiga gitaa wa studio za Nashville, ina viwili tu: Output, yaani kiasi cha sauti inayotoka, na Sensitivity, yaani kiasi cha mbano. Boss CS-3, iliyotoka mwaka 1986 na ambayo ni miongoni mwa zinazoonekana sana mikononi mwa wapiga gitaa, ina vinne: Level, Tone, Attack na Sustain. Katika pedali hii Sustain ndiyo inayoamua mbano, na Level ni sauti inayotoka. Pedali nyingine huongeza kitufe cha kuchanganya sauti iliyobanwa na sauti asilia ya gitaa. Kwa maelezo yanayofuata nitatumia majina ya vitufe vya CS-3, kwa kuwa mwenye pedali ya aina nyingine ataweza kulinganisha bila shida.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, andaa amplifaya ikiwa na sauti safi, bila distoshani (mkwaruzo), bila dilei (mwangwi unaorudia nota), bila rivabu (mwangwi wa ukumbi). Iweke kwa ukubwa wa sauti unaotumia mazoezini na bendi, si ule wa chumbani usiku. Kisha weka Sustain chini kabisa, Attack na Tone katikati, halafu piga nyuzi zote sita kwa nguvu yako ya kawaida huku ukiiwasha na kuizima pedali kwa mguu. Zungusha Level mpaka sauti iwe sawa pedali ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Hatua hii wengi huiruka, na kuiruka ndiko kunakowapotosha. Sikio la binadamu huipenda sauti kubwa. Ukipewa sauti mbili zinazofanana kwa kila kitu, moja ikiwa juu kidogo, utasema hiyo ya juu ndiyo nzuri zaidi, yenye mwili na uhai. Pedali ikikuongezea sauti kila unapoikanyaga, utaamini imekupa ladha mpya kumbe imekupa ukubwa tu, na kila uamuzi utakaoufanya baada ya hapo utasimama juu ya udanganyifu huo. Kwa hiyo kila unapobadilisha Sustain, rudi kwenye Level usawazishe tena, hata kama inachosha.

Sauti zikishalingana, anza kupandisha Sustain polepole huku ukirudia kifungu kimoja cha solo unachokifahamu vizuri. Chagua kifungu kinachovuka kutoka uzi mnene kwenda uzi mwembamba, kwa kuwa hapo ndipo tofauti ya nguvu hujitokeza. Kuna mahali utasikia nota zimeanza kusimama mstari mmoja. Simama hapo, kisha urudi nyuma kidogo. Kwa gitaa langu lenye pikapu (vinasa mtetemo wa nyuzi) za koili moja, mahali hapo huwa karibu na theluthi ya mzunguko. Gitaa lenye pikapu za koili mbili hutoa umeme mwingi zaidi, hukivuka kizingiti mapema, na huhitaji mbano mdogo kuliko huo. Mwenye magitaa mawili atakuwa na mipangilio miwili.

Sasa tuje kwenye Attack, ambayo kwangu ndiyo roho ya pedali yenyewe. Kila nota ya gitaa ina sehemu mbili: mguso mfupi wa piki, yaani kile kibao kidogo cha kupigia nyuzi, inapouachia uzi, ambao ni mkali na hupita haraka, na mlio wa uzi unaofuata. Attack huamua kompresa inasubiri kwa muda gani kabla ya kubana. Ikibana mara moja, ndani ya milisekunde moja au mbili, mguso wa piki humezwa na nota huingia laini, kama imefunguliwa mlango badala ya kupigwa. Ikisubiri milisekunde 20 au 30, mguso hupita mzima ndipo mlio unaofuata hubanwa, na gitaa hupata ule mdundo unaoshikana na kasha la ngoma. Ili uisikie tofauti hii waziwazi, laza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi karibu na daraja la gitaa ili uzizime kiasi, kisha piga uzi wa tatu mara nyingi mfululizo huku mwenzako akizungusha Attack kutoka upande mmoja hadi mwingine. Sauti ya "tak" itakuwa ikizama na kuibuka, na masikio yako hayatahitaji maelezo zaidi. Usisome maandishi ya kitufe ukadhani yanakwambia upande wa kuzungusha. Kwenye CS-3, kuelekea kulia huongeza mguso wa piki, ilhali mtambo maarufu wa studio uitwao 1176, ambao pedali nyingi za siku hizi zimeuiga, una vitufe ambavyo kulia ni haraka zaidi.

Kwa solo la sebene mimi huacha mguso upite. Nota zinakwenda kasi, ngoma na besi zimejaa, na bila ule mguso msikilizaji hapati mahali pa kuishika nota. Kwa wimbo wa taratibu wenye nota ndefu zinazofuata sauti ya mwimbaji, naukata kidogo. Mpiga rizimu ana shauri lake. Yeye anashika muda wa bendi pamoja na mpiga ngoma, na muda huo huukazia kwa kupiga pigo hili zito na lile jepesi. Ukibana sana, mapigo yote yanakuwa mazito sawa na mwendo wa wimbo unalala. Katika bendi yenye solo la kwanza, solo la pili na rizimu, nisingependa kuona magitaa yote matatu yamebanwa, kwa sababu magitaa hayo hupishana kwa kupanda na kushuka: hili likinyanyuka, lile linapisha. Yakiwa yote yamenyooshwa kwa kiwango kimoja, hakuna anayempisha mwenzake.

Baadhi ya pedali zina pia kitufe cha muda wa kuachia, yaani muda ambao kompresa huchukua kurudi kwenye hali yake baada ya nota kushuka. Uzi mnene wa E hutetema takribani mara 82 kwa sekunde, hivyo mtetemo mmoja huchukua milisekunde 12 hivi. Kompresa inayoachia kwa haraka karibu na kiwango hicho huanza kuufuata kila mtetemo na kuichafua sauti. Anza na milisekunde 100 hadi 200. Ukisikia sauti ya gitaa ikivuta pumzi, ikizama kila unapopiga na kufura baada yake, muda wa kuachia haujapatana na mwendo wa wimbo, au umebana kupita kiasi.

Suala la kelele nilifundishwa na jukwaa. Nilikuwa nimepanga pedali yangu nyumbani, Sustain robo tatu, na ilikuwa ikiimba vizuri mno. Ukumbini, katikati ya nyimbo mbili, mshereheshaji aliposhika kipaza sauti, gitaa langu likiwa limetulia kifuani lilianza kunguruma kutokana na taa za mirija zilizokuwa juu ya jukwaa, na nilipogeuka kuelekea amplifaya mngurumo ukageuka yowe. Watu walitazama. Kilichotokea ni ile hesabu ya desibeli 9: kimya kilipoingia, kompresa haikuwa na cha kubana, ikainua kila kilichokuwapo, na sauti ya spika ikarudi kwenye pikapu na kuinuliwa tena. Tangu siku hiyo hushusha kitufe cha sauti kilicho kwenye gitaa kila wimbo unapokwisha, husimama pembeni ya amplifaya badala ya mbele yake, na sipitishi Sustain nusu ya mzunguko penye watu.

Kitufe hicho cha gitaa kina faida nyingine ambayo wengi hawaitumii. Kwa kuwa kiko kabla ya kompresa, ukikishusha kidogo nota nyingi hubaki chini ya kizingiti, na mbano hupungua bila wewe kuinama. Nikiwa nyuma ya mwimbaji hukiweka kwenye saba au nane, na sauti hubaki wazi na nyepesi; ikifika sebene nakifungua hadi kumi, na kompresa huanza kazi.

Kuhusu mpangilio wa pedali, kanuni ya kuanzia ni gitaa, kompresa, ovadraivu (mkwaruzo mwepesi) au distoshani, chorasi (inayolifanya gitaa moja lisikike kama mengi), kisha dilei na rivabu. Distoshani yenyewe hubana sauti, kwa hiyo kompresa ikikaa baada yake huwa na kazi ndogo ya muziki na kazi kubwa ya kuinua kelele. Ikikaa baada ya dilei, huinua mwangwi uliotakiwa kufifia, na nafasi kati ya nota hujaa takataka. Wawa, pedali inayolifanya gitaa lisikike kama linatamka wa-wa, inaweza kukaa kabla ya kompresa, ambayo itapunguza ule ukali unaochoma masikio pedali inapokanyagwa hadi mwisho. Pedali ya sauti iweke baada ya kompresa: ikiwa kabla, utakuwa unashusha kwa mguu na kompresa inapandisha.

Umeme hauna mengi. Pedali nyingi hutumia volti 9 za mkondo mnyoofu, hasi ikiwa katikati ya kichomeko, lakini hakikisha kwa kusoma alama iliyo kwenye pedali yako mwenyewe. Adapta iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani inaweza kuwa imetengenezwa kwa volti 120 peke yake. Ikichomekwa kwenye volti 230 za Tanzania itaungua, isipokuwa imeandikwa 100–240. Anayetumia betri achomoe waya upande wa kuingizia kila anapomaliza kupiga, kwa sababu katika pedali nyingi waya huo ndio unaowasha umeme, na betri huendelea kuisha hata taa ikiwa imezimika.

Mwisho, irudie kazi yote ukiwa na bendi nzima. Mpange mwenzako mwenye masikio mazuri asimame mahali wanaposimama wachezaji, upige sebene kamili, na katikati yake uizime pedali bila kumwambia. Akisema gitaa limepungua ukubwa, Level yako iko juu. Akisema limechangamka na kupumua ulipoizima, umebana mno. Akisema baadhi ya nota zimeanza kupotea lakini sauti ni ileile, mpangilio wako ni sahihi: chukua kalamu ya rangi isiyofutika, uchore alama ndogo kando ya kila kitufe, rangi moja kwa kila gitaa, kabla pedali haijaingia kwenye begi na vitufe kujizungusha njiani.