Jinsi ya kuandaa na kupima sampuli ya tope la kuchorongea kabla kemikali hazijaondoka Dar es Salaam

Tope la kuchorongea ni majimaji mazito yanayozungushwa ndani ya kisima wakati wa kuchoronga. Mwongozo huu unamhusu fundi wa maabara au mhandisi aliyeko Dar es Salaam, ambaye kemikali humfikia kupitia bandarini na anatakiwa azijaribu kabla hazijapakiwa kuelekea kwenye kisima cha gesi, iwe ni Songosongo, ambako gesi iligunduliwa mwaka 1974, au Mnazi Bay, ambako iligunduliwa mwaka 1982. Msambazaji huleta karatasi yenye orodha ya kemikali na vipimo vyake. Karatasi hiyo haisemi lolote kuhusu maji yatakayotumika kisimani, na mara nyingi haielezi mpangilio wa kuchanganya, ilhali mambo hayo mawili huharibu tope kuliko kosa dogo la kipimo.

Kabla ya yote, hakikisha kila kemikali ina kibali cha Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na karatasi yake ya usalama iko mezani. Vaa miwani, glovu na barakoa, kwa kuwa vumbi la baraiti (madini mazito ya kuongeza uzito wa tope) na la polima (unga wa kuongeza mnato na kupunguza upotevu wa maji) halionekani kuwa na madhara mpaka limeshaingia kifuani.

Hatua ya kwanza: pata maji yatakayotumika kwenye eneo la kisima. Usitumie maji ya bomba ya jijini, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu, kwa tope ambalo kule pwani litachanganywa kwa maji yenye chumvi na chokaa. Agiza dumu la maji kutoka eneo la kazi, kisha upime pH, kloridi na kalsiamu. Kalsiamu ikiwa nyingi, ongeza magadi soda, gramu 0.25 hadi 0.5 kwa kila mililita 350 za maji, ili kalsiamu igande na kuzama kama kaboneti. Baada ya hapo pandisha pH ifike kati ya 9 na 10 kwa kostiki soda. Watengeneza sabuni wa mitaani wanalijua sharti lake: kostiki hutiwa kwenye maji, kamwe maji hayamwagwi juu ya kostiki, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa joto kali na unaweza kurukia uso.

Kipimo cha mililita 350 kina sababu yake. Gramu moja ndani ya ujazo huo ni sawa na pauni moja ndani ya pipa moja la mafuta, yaani takriban lita 159, kwa hiyo unachokipima kwenye mizani ya maabara kinahamia kisimani bila hesabu ndefu.

Hatua ya pili: chagua msingi wa tope. Kwa sehemu ya juu ya kisima, bentonaiti, yaani udongo unaovimba ukilowa, inatosha, gramu 15 hadi 25, lakini ni lazima iloweshwe katika maji baridi yasiyo na chumvi kwa saa kadhaa, na ikiwezekana usiku kucha. Bentonaiti ikikutana na chumvi kabla haijavimba, haitavimba tena ipasavyo, na wapo wanaoongeza mifuko zaidi wakidhani mzigo ni hafifu. Kwa miamba ya udongo inayobomoka ikiguswa na maji, achana na bentonaiti na utumie polima pamoja na kloridi ya potasiamu, kwa kuwa potasiamu huingia kati ya tabaka za udongo na kuzuia usivimbe.

Hatua ya tatu: changanya polima. Washa mashine ya kuchanganyia, kisha nyunyiza gramu 1 ya gundi ya zanthani polepole kwenye ukingo wa mzunguko wa maji. Ukiimwaga yote kwa pamoja itafanya madonge kama uji uliokorogwa vibaya, na madonge hayo huziba chekeche kule kisimani huku mnato ukibaki mdogo. Ipe dakika 20, ndipo uongeze gramu 1.5 za selulosi ya polianioni na gramu 4 za wanga, ambazo kazi yake ni kupunguza maji yanayopotelea kwenye mwamba. Kloridi ya potasiamu, gramu 17 hadi 18 kwa tope la takriban asilimia 5, huja mwishoni. Wapo wanaoanza na chumvi; mimi naona polima hulainika vizuri zaidi kabla chumvi haijaingia. Kagua pia mifuko yenyewe, kwani unyevu wa ghala za pwani, hasa wakati wa masika, hugandisha kloridi ya potasiamu na kufanya polima ishikane.

Hatua ya nne: pandisha densiti. Hapa ndipo usalama wa kisima ulipo, kwa sababu uzito wa tope ndio unaozuia gesi isipande. Katika kina cha mita 2,000, tope la densiti 1.20 (yaani uzito wake ni mara 1.20 ya maji) hukandamiza kwa takriban bari 235. Baraiti yenye densiti 4.2 huhesabiwa hivi: toa densiti uliyonayo kutoka ile unayoitaka, zidisha kwa 4,200, kisha ugawanye kwa tofauti ya 4.2 na densiti unayoitaka. Kutoka 1.05 hadi 1.20 jibu ni kilo 210 kwa kila mita moja ya ujazo ya tope. Kumbuka kwamba baraiti hiyo huongeza ujazo kwa lita 50, hivyo tangi lililojaa hadi ukingoni litafurika.

Hatua ya tano: pima. Kwenye viskomita, kifaa cha kupima mnato, usomaji wa mizunguko 600 kwa dakika ukiwa 52 na wa 300 ukiwa 34, mnato wa plastiki ni 18, na kiwango cha kuanza kutiririka ni 16, yaani 34 kutoa 18. Fanya jaribio la kuchuja kwa shinikizo la psi 100 kwa dakika 30, kisha uangalie utando uliobaki kwenye karatasi: mwembamba na mgumu unafaa, mnene na laini haufai. Baada ya hapo zungusha sampuli kwenye oveni kwa saa 16 katika joto la chini ya kisima, na urudie vipimo vyote. Tope lililopimwa likiwa baridi tu halijapimwa.

Hatua ya sita: majimaji ya kukamilishia kisima, yaani yanayojazwa baada ya kuchoronga, kisima kinapoandaliwa kutoa gesi. Hayatakiwi kuwa na baraiti wala bentonaiti, kwa sababu chembe zake huziba vinyweleo vya mwamba wa gesi na baraiti haiyeyuki kwa asidi. Chembe zikihitajika, tumia kaboneti ya kalsiamu. Densiti hutokana na chumvi iliyoyeyuka: kloridi ya potasiamu hufika 1.16, ya sodiamu 1.20, na ya kalsiamu takriban 1.39. Kloridi ya kalsiamu hupasha maji joto inapoyeyuka, kwa hiyo itie kidogo kidogo. Ongeza kizuia kutu na kiondoa oksijeni, kisha uchuje hadi mikroni 2. Mwisho, changanya nusu kwa nusu na maji yanayotoka kwenye tabaka lenyewe la mwamba wa gesi na uache kwenye joto la kisima usiku kucha. Ukiona weupe umetuama chini ya chupa, badilisha aina ya chumvi kabla lori halijapakiwa, na mabaki ya majaribio yahifadhiwe kwenye madumu yenye lebo hadi yachukuliwe na mkusanyaji mwenye kibali.