Kusoma dalili za bomu la nyuklia la hasimu: anza na kilichonyamaza

Kazi yangu chumba cha habari ni kuchambua taarifa za nje, na daftari langu lina safu tatu: Kilichoonekana, Kilichosemwa, Kilichonyamaza. Hiyo ya tatu nilichelewa kuichora. Siku hizi ndiyo ninayoanza nayo.

Mwaka 1942 mwanafizikia kijana wa Kisovieti, Georgy Flyorov, akiwa jeshini, alipata nafasi ya kuingia maktaba kuona kama kuna aliyeujibu utafiti wake wa urani. Hakukuta jibu. Alichokuta ni kwamba majarida ya Marekani na Uingereza yameacha kabisa kuandika habari za kupasuka kwa kiini cha urani, jambo ambalo ndilo chanzo cha nguvu ya bomu la nyuklia, na majina ya vigogo wa fani hiyo yametoweka kwa mpigo. Akamwandikia Stalin: hawa wanatengeneza bomu. Hakuwa na picha wala jasusi.

Nawe fanya hivyo. Orodhesha wanafizikia na wahandisi wa nchi unayoifuatilia, uangalie nani anachapisha na nani anahudhuria mikutano. Mmoja akipotea, huenda amestaafu au anaumwa. Wakipotea wanane wa fani moja ndani ya mwaka mmoja, andika tarehe.

Ukija kwenye picha za setilaiti na misafara ya jeshi, usikimbilie kutafuta kitu kigeni. Kwanza jua kawaida ya mahali. Luteka za kila mwaka huwa mwezi gani? Kambi ile huwa na malori mangapi siku ya kawaida? Bila hayo, kila lori litakutia kiwewe. Ukishaijua kawaida ndipo utafute dalili za jaribio la bomu chini ya ardhi, zile zinazokwenda pamoja: shimo refu linachimbwa, nyaya zinatandazwa kutoka shimoni hadi kwenye vibanda vya vipimo, uzio wa pili unajengwa ndani ya ule wa kwanza, kisha shimo linafukiwa. Kufukia ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Anayechimba kisima cha maji au mgodi hazibi shimo alilotoka kulichimba.

Lakini hasimu naye anajua kwamba unatazama. Desemba 1995 setilaiti za Marekani ziliona maandalizi ya jaribio la nyuklia huko Pokhran, katika jangwa la Rajasthan nchini India, na Balozi Frank Wisner akawaonyesha wakubwa wa India picha. Jaribio halikufanyika. Ila kwa kuonyesha picha, Marekani iliwafundisha Wahindi ni nini hasa kinachoonekana kutoka juu. Safari iliyofuata walifanya kazi usiku, wanasayansi wakavaa sare za jeshi, na kabla ya kupambazuka kila mashine ikarudishwa pale pale ilipokuwa jana. Mabomu yakalipuka tarehe 11 na 13 Mei 1998, na Washington ikapata habari pamoja na sisi wengine.

Kinachonichekesha ni kwamba dalili ilikuwepo, tena peupe. Chama cha BJP cha India kilikuwa kimeandika katika ilani yake ya uchaguzi kwamba kitaiingiza nchi kwenye silaha za nyuklia. Kikashinda mwezi Machi. Wenye mitambo ya mabilioni walikodolea mchanga macho, na karatasi hawakuiamini. Basi soma ilani, bajeti na hotuba za bungeni hata kama zinachosha.

Na kumbuka kwamba jicho likishapata jambo moja hulegea. Oktoba 1962, huko Cuba, ambako Usovieti ilikuwa imepeleka makombora kwa siri, wachambuzi wa Marekani walifanya kazi ya kupigiwa mfano: walipima urefu wa vitu vilivyofunikwa turubai, wakalinganisha na makombora yaliyopitishwa kwenye magwaride ya Moscow, wakayatambua. Hata hivyo vichwa vyenyewe vya nyuklia hawakuviona, navyo vilikuwa tayari kisiwani. Askari wa Kisovieti waliwakadiria kuwa 10,000 hivi, kumbe walizidi 40,000. Kombora ni refu, huwezi kulificha chini ya mwavuli. Kichwa chake kinaingia ndani ya gari la kawaida.

Kwa upande wa diplomasia mimi hufuata mambo mawili tu: wakaguzi na asilimia. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki wana kamera na lakiri, yaani mihuri ya kufungia mitambo, viwandani. Lakiri ikikatwa, ni habari kubwa kuliko hotuba kumi za vitisho. Korea Kaskazini iliwafukuza Desemba 2002, Januari 2003 ikatangaza kujitoa katika mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, na tarehe 9 Oktoba 2006 ikalipua. Hatua zote zilifanyika hadharani, kwa mpangilio. Asilimia nazo zina hila: urani ya vinu vya umeme hurutubishwa, yaani huongezwa kiwango cha urani-235, ile inayopasuka kwa urahisi, hadi asilimia kati ya 3 na 5, ya bomu hufika 90 hivi. Msomaji anaona 20 bado iko mbali na 90. Haiko mbali. Ukifika 20, kazi iliyo nzito zaidi umeshaimaliza.

Kabla hujaandika hitimisho, jiulize: kama hakuna bomu, haya yote yangeonekanaje? Iraq mwaka 2003 ilikuwa na mabomba ya alumini, yaliyodaiwa kuwa ya kurutubishia urani, na historia mbaya ya kuwazungusha wakaguzi. Mabomba yalikuwa ya roketi za kawaida, na mradi wa nyuklia ulikuwa umekufa zamani. Anayejificha huenda anaficha kwamba hana kitu.

Hilo nililijua vizuri, na bado nikateleza. Miaka fulani nyuma niliona picha ya mtambo wa kuchimbua na malori kumi na moja chini ya mlima, katika nchi nisiyotaka kuitaja. Nikaandika kwamba jaribio liko karibu. Yalikuwa maandalizi ya handaki la barabara. Kilichonitia aibu zaidi ya handaki ni kwamba mwezi ule ule wakaguzi walikuwa wakiingia na kutoka viwandani kama kawaida, na wanasayansi wa nchi ile walikuwa wakichapisha makala zao. Hakuna kilichokuwa kimenyamaza, nami sikuwa nimeuliza. Safu ya tatu niliichora wiki ile.