Kabla hujalipia risiva ya sinema ya nyumbani, igeuze uone mgongo wake

Dukani, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, risiva, yaani mashine zinazopokea sauti na picha za vifaa vyako na kuendesha spika, hupangwa zikionyesha sura: kioo chenye taa za buluu, kitufe kikubwa cha kuzungushia sauti, nembo ya Dolby Atmos (sauti inayokuzunguka hadi juu ya kichwa) pembeni. Sura yake haina ubaya, ila karibu kila unachotakiwa kujua kimeandikwa nyuma. Mwombe muuzaji aigeuze. Akianza kusitasita, hiyo nayo ni taarifa.

Kitu cha kwanza kusoma huko nyuma ni umeme. Tanzania tunatumia volti 230, Kenya 240, zote kwa 50 Hz. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani itasoma volti 120 na 60 Hz. Ya Japani, volti 100. Usidhani ni kama chaja ya simu inayokubali chochote kati ya 100 na 240. Risiva nyingi zina transfoma nzito iliyosukwa kwa volti moja tu, na ukiichomeka ya Marekani moja kwa moja ukutani, bahati yako ni fyuzi ikatike kabla ya transfoma kuungua. Ipo njia ya kuweka transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa mgongoni. Mimi siipendi. Inavuma, inachemka, na siku ya usafi mtu atachomoa waya wa risiva akauchomeke kwenye soketi ya ukutani kwa nia njema kabisa. Mtumba wa Uingereza au Ulaya, au mpya iliyopitia Dubai, huwa haina mgogoro huo.

Tukiwa hapo hapo kwenye umeme: tenga fedha ya stebilaiza inayochelewesha kuwasha, maana kinachoua mashine mara nyingi ni ule umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Wakati wa masika, radi zikianza chomoa na waya wa dishi pia. Wengi huchomoa soketi wakaridhika, kumbe mshtuko unaweza kushuka kwenye waya wa dishi, ukapita king'amuzi, ukaingia risiva kwa HDMI, waya ule unaobeba picha na sauti.

Matundu ya HDMI yenyewe ndiyo sehemu ya kukaa nayo. Hesabu ulivyo navyo nyumbani: king'amuzi, kisanduku cha kutazamia filamu za intaneti, PlayStation, deki ya Blu-ray kama bado unayo. Kila kimoja kinataka tundu lake, na uache moja la ziada. Kisha soma tundu linalokwenda kwenye TV. Likiwa na maandishi ARC, litarudisha sauti ya programu zilizo ndani ya TV kwenye risiva, hata ile Atmos iliyobanwa (iliyopunguzwa ili ipite kwenye intaneti) ambayo Netflix huitoa kwa wenye kifurushi chake cha juu. Likiwa eARC, na TV yako nayo iwe nayo, litapitisha pia sauti ya Blu-ray isiyopunguzwa chochote. Ukikosa eARC usihuzunike. Ichomeke deki kwenye risiva yenyewe na sauti hiyo utaipata kamili. Risiva za zamani zina mtego mwingine: inaweza kuandikwa 4K lakini isiwe na HDCP 2.2 (kinga ya filamu zisinakiliwe), na hapo filamu za 4K za mtandaoni zitagoma, kioo cheusi. Mwenye PS5 anayetaka picha 120 kwa sekunde katika 4K anahitaji HDMI 2.1, au achomeke PS5 kwenye TV na sauti irudi kwa eARC. Njia hii ya pili inaokoa fedha nyingi.

Hapa jiulize kwa ukweli familia inatazama nini. Kama ni taarifa ya habari, mpira na YouTube, sehemu kubwa ya sauti hiyo ni ya spika mbili, na risiva itaisambaza yenyewe kwenye spika nyingine. Kulipia chaneli tisa, yaani njia tisa za spika, kwa matumizi hayo ni kujionyesha tu.

Halafu wati. Boksi linaweza kusema 150 kwa herufi nene, na chini yake kwa herufi ndogo: chaneli moja, mlio mmoja wa 1 kHz, upotovu (sauti kuharibika) wa asilimia 10. Kipimo cha kuaminika husomeka kama wati 80, ohm 8 (ukinzani wa spika), chaneli mbili zikifanya kazi, 20 Hz hadi 20 kHz (besi hadi sauti nyembamba kabisa), upotovu chini ya asilimia 0.1. Hiyo ya wati 80 inaweza kuwa ndiyo yenye nguvu zaidi. Ukiona PMPO, zile wati za kutangazia tu, ya maelfu, soma mgongoni mashine inakula wati ngapi; ikila 60, hayo maelfu imeyatoa wapi? Kumbuka pia kwamba kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu. Spika yenye usikivu (sauti inayotoa kwa wati moja) wa desibeli 90 inahitaji nusu ya nguvu inayotakiwa na ya 87 kwa sauti ile ile, kwa hiyo chagua spika kwanza.

Karibu na matundu ya spika kuna maandishi ya ohm, mara nyingi 6 hadi 16. Hapo ndipo wanapoumia wenye zile hom thieta za boksi zilizokufa mashine zikabaki spika. Spika hizo nyingi ni za ohm 3 au 4. Ukizifunga kwenye risiva, inaweza kujizima sauti ikipanda, au hata kuungua.

Kuhusu namba: 5.1 ni spika tano na sabufa (spika ya besi), 7.2 ni saba, na mara nyingi matundu mawili ya sabufa yanayotoa sauti ile ile, 5.1.2 ina mbili za juu. Kama kochi limeegemea ukuta, spika za nyuma za 7.1 hazina pa kukaa. Weka 5.1, zile mbili za pembeni ziwe nyuma kidogo ya masikio. Vyumba vyetu vya marumaru na kuta za saruji vinarudisha mwangwi sana. Zulia na mapazia mazito vitafanya kazi ambayo hakuna mashine itakayoifanya. Unayejenga bado, pitisha mabomba ya waya kabla ya plasta, kisha waya wa shaba halisi wa milimita 2.5 za mraba. Ule wa aluminiamu iliyopakwa shaba ni wa bei rahisi, na ipo sababu.

Kabati la kufungwa mlango lisahau, hasa kwenye joto la pwani.

Ukinunua mtumba, nenda na waya wa HDMI, kifaa cha kutoa picha kama deki au kisanduku chako, na muda. Jaribu kila tundu la HDMI, maana bodi hiyo huwahi kufa. Piga mlio wa majaribio kwenye kila chaneli, kisha iache ipige nusu saa uone kama itajizima. Uliza rimoti na maikrofoni ya kupimia chumba. Rimoti utaipata mahali. Maikrofoni kila kampuni ina yake, na isipokuwepo dai punguzo la maana.