Masters ya Kiebrania na Kigiriki cha Biblia: jinsi ya kujiandaa ukiwa mzungumzaji wa Kiswahili

Ndugu zangu mnaotaka kwenda kusoma masters ya Agano la Kale au Agano Jipya, hii ni yenu. Neno langu kubwa ni hili hapa mwanzoni kabisa: usisubiri ufike chuoni ndo uanze lugha, alafu ukianza usijifunze Kiebrania kwa kupitia Kiingereza wakati una Kiswahili mdomoni. Vitabu karibu vyote vimeandikwa kwa ajili ya Wazungu, vinatumia kurasa na kurasa kumwelewesha mtu wa Kiingereza kitu ambacho wewe unakitumia kila siku ukiongea na mama yako, na wengi wetu tunasoma hayo maelezo tunatoka tumechanganyikiwa kuliko tulivyoingia.

Kwanza soma masharti ya chuo unachokitaka, na uyasome vizuri. Kuna masters zinazompokea mtu asiyejua hata alefu, yaani herufi ya kwanza ya Kiebrania, anapewa lugha ndani ya kozi, na kuna zinazotaka uje umeshasoma miaka miwili ya angalau lugha moja. Taasisi ya Kipapa ya Biblia kule Roma, iliyoanzishwa mwaka 1909, haikuingizi kwenye lisensia yenyewe (shahada yao ya ngazi ya masters) mpaka Kiebrania na Kigiriki viwe vimekaa sawa, ndo maana wana masomo ya maandalizi kabla. Oxford wana masters ya Kiebrania cha kale peke yake, hapo kama hujui lugha hata usijisumbue kuomba. Huku kwetu wapo Makumira karibu na Arusha, St. Paul's pale Limuru, na Africa International University pale Karen, Nairobi. Waandikie idara moja kwa moja, waulize maswali matatu tu: mnataka kiwango gani cha lugha, mnatumia kitabu gani cha sarufi, na mnatamka vipi. Hilo la matamshi watu wanalidharau, lakini Kigiriki kina matamshi ya kitaaluma yaitwayo ya Erasmus na kina ya Wagiriki wa leo, Kiebrania nacho kina ya Israeli ya sasa na ya kitaaluma, na kubadilisha katikati ya safari kunachosha mno.

Jipe mwaka mzima wa maandalizi, nusu saa mpaka saa moja kila siku. Kila siku kweli, sio masaa matano Jumamosi.

Anza na Kiebrania, huo ni ushauri wangu, wengine watakwambia Kigiriki. Herufi ni 22, zote konsonanti, vile vidoti na vistari vya chini na juu ni irabu zilizowekwa na Wamasoreti, wanazuoni wa Kiyahudi walionakili Biblia, karne nyingi baadaye. Inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo kama ulipita madrasa utotoni hilo kwako sio kazi, na sauti za kooni utazitoa vizuri kuliko hata baadhi ya maprofesa. Andika herufi kwa mkono, soma kwa sauti, wiki mbili hivi zimeisha.

Msamiati nao, angalia ulichonacho tayari kwa sababu ya Kiarabu kilichomo kwenye Kiswahili: nafsi ni nefesh, damu ni dam, mauti ni mavet, kaburi ni kever, hekima ni khokhma, baraka ni berakha, malaika ni malakh, saba ni sheva. Ni ndugu wa ukoo mmoja. Maana hazilingani asilimia mia kila mahali, kwa hiyo kamusi lazima, ila kichwani zinakaa haraka sana.

Sasa tuje kwenye vitenzi, hapa ndo watu wanalia na hapa ndo wewe una mali. Kiebrania kinachukua shina la konsonanti tatu alafu kinaligeuza kwa mifumo saba mikubwa: Kal, Nifal, Piel, Pual, Hifil, Hofal, Hitpael. Sasa chukua shina la kula. Kwenye Kal ni akhal, alikula. Kwenye Nifal inakuwa kuliwa, kama Kutoka 12:46 kuhusu mwanakondoo wa Pasaka, ye'akhel, aliwe ndani ya nyumba moja. Kwenye Hifil inakuwa kulisha, Kumbukumbu 8:3, Mungu aliwalisha mana. Kula, kuliwa, kulisha! Unaona? Kauli za vitenzi ulizofundishwa darasa la sita na ukazichukia ndo hizo hizo. Kiingereza kwenye kula na kulisha kina maneno mawili tofauti, sisi tuna shina moja tunalibadilisha mkia, Waebrania shina moja wanalibadilisha irabu na kichwa. Kwa hiyo kila kitenzi kipya unachojifunza kiandike kwenye daftari na kauli zake za Kiswahili pembeni. Piel tu ndo haitabiriki, mara inatia nguvu mara inasababisha, hiyo itafute kwenye kamusi kila mara usibahatishe.

Na kingine ninachokipenda kuliko vyote: masimulizi. Vitabu vya Kiingereza vinahangaika na ile herufi vav ("na") inayobandikwa mbele ya kitenzi ikaleta wakati wa hadithi, sura nzima zinaandikwa. Fungua Mwanzo 1:3, vayomer Elohim yehi or vayehi or, alafu fungua Union Version ya 1952: Mungu akasema, Iwe nuru, ikawa nuru. Vayomer, akasema. Yehi, iwe. Vayehi, ikawa. Ile -ka- yetu inafanya kazi ileile, inasukuma tukio moja baada ya lingine, na -e ya mwisho kwenye "iwe" inabeba ile amri ya upole iliyoko kwenye yehi. Soma Yona yote hivyo, aya 48 tu, kila ukikutana na umbo hilo sema "aka-, ika-, waka-" kichwani na utashangaa hadithi inavyotembea. Tofauti moja ukumbuke, -ka- kwa kawaida inataka kitu kilichotangulia, wakati Yona na Ruthu vinaanza na vayehi moja kwa moja kwenye mstari wa kwanza.

Ukimaliza Yona nenda Ruthu, baada ya hapo sura za Yusufu kule Mwanzo. Mashairi ya Ayubu yaache mpaka uwe na supavaiza karibu.

Kigiriki ukianze mwezi wa tano au wa sita wa maandalizi yako, Kiebrania kikiendelea taratibu. Herufi 24, hizo sio tatizo. Tatizo letu ni miisho ya nomino, manake Kiswahili kinajua nani kafanya kwa nafasi ya neno na kiambishi cha kitenzi, Kigiriki kinajua kwa mkia wa neno. Yohana 3:16 inaanza houtōs gar ēgapēsen ho theos ton kosmon, kitenzi kimetangulia, Mungu yuko baada yake, na unajua yeye ndiye aliyependa kwa sababu ya ho na -os, na ulimwengu ndio uliopendwa kwa sababu ya ton na -on. Kwa hiyo lile jedwali la kijineno ho, lenye nafasi 24, likariri mpaka ulitaje usingizini, ukilijua hilo nusu ya miisho mingine unaifahamu. Upatanisho wa sifa na nomino hautakusumbua, mtu aliyekua anasema watu wazuri, miti mizuri, vitu vizuri anaelewa bila kuhubiriwa.

Zile participle zao (vitenzi vinavyotumika kama sifa) ambazo zinawatesa wanafunzi, tumia -po- na -ki-. Angalia Mathayo 5:1-2: idōn ni "alipowaona", legōn mwishoni ni "akisema". Lile la kwanza limeshatokea, la pili linaenda sambamba na kufundisha. Sio kila sehemu itakubali lakini kama mlango wa kuingilia ni mzuri mno.

Msamiati wa Agano Jipya: maneno kama 300 hivi yanayotokea mara 50 na zaidi yanabeba takriban asilimia 80 ya maandishi yote, hayo kwanza. Weka Anki, programu ya kadi za kukariri, kwenye simu, ni bure kwa Android. Usomaji uanze na 1 Yohana, kisha Marko, Waebrania na Luka baadaye.

Vifaa: STEP Bible ya Tyndale House, Cambridge, ni ya bure na ina maandishi yote mawili. SBL Greek New Testament inapakuliwa bure pia. Ila zile Biblia zenye tafsiri chini ya kila neno nakusihi uziweke mbali wakati wa mazoezi, jicho linakimbilia mstari wa chini na mwaka unaisha hujui kitu. Na namba za Strong, zile zinazopewa kila neno la asili ili ulitafute kwenye kamusi, sio kujua lugha, kwenye usaili itajulikana dakika ya kwanza.

Ukipata hela nunua toleo la kitaaluma, Biblia Hebraica Stuttgartensia na Nestle-Aland ya 28, kwa sababu masters yenyewe iko kwenye yale maandishi madogo ya chini ya ukurasa, yanayoonyesha nakala za kale zinavyotofautiana. Hiyo ya Kiebrania imechapwa kufuata kodeksi ya Leningrad, kitabu kilichoandikwa kwa mkono mwaka 1008 hivi. Ya Kigiriki ukifika Marko 16:9-20 utakuta mabano, ukishuka chini utaona alama za Sinaitiko na Vatikano, nakala mbili za mkono za karne ya nne, ambazo hazina aya hizo. Kaa hapo ujifunze kusoma zile alama moja moja, ukienda kwenye usaili ukaeleza ukurasa mmoja tu wa hivyo wanajua umejiandaa.

Kwenye maombi ambatanisha tafsiri yako mwenyewe ya aya kama kumi, kwa Kiingereza ila na maelezo mafupi ya kwa nini umechagua hivyo. Skolashipu angalia Commonwealth kwa Uingereza, DAAD kwa Ujerumani, na kama lengo ni PhD waangalie Langham. Na kwa hao wa PhD, anzeni Kijerumani cha kusoma mapema, sehemu nyingi watakidai pamoja na Kifaransa, na Kiaramu kidogo cha Danieli 2 mpaka 7 na Ezra mtakipata kirahisi Kiebrania kikishasimama.