Kupiga pamoja kwenye bendi ya sifa: maneno ya mpiga besi

Mpiga kinanda akiwa peke yake nyumbani, yeye ndiye bendi nzima. Mkono wa kushoto unapiga besi, wa kulia unapiga kordi (noti kadhaa kwa pamoja), mguu unagonga sakafu badala ya dramu. Kazi nzuri. Sasa huyohuyo anakuja ibadani, anakuta mtu wa besi, dramu, magitaa mawili na safu ya waimbaji, naye bado anapiga bendi nzima. Mambo huharibikia hapo, wala si kwa sababu watu hawajui kupiga. Kila mmoja anajua, na anataka ijulikane kwamba anajua.

Mimi ni mpiga besi, kwa hiyo mjue mapema kwamba nina upande. Lakini timu ikiniita niisaidie, sianzi kukagua vifaa wala vipaji. Nauliza swali moja: kwenye ubeti wa kwanza, nani ananyamaza? Wakitazamana, nimeshajua pa kuanzia.

Huku chini pana nafasi ya mtu mmoja

Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne, ukipigwa bila kubonyezwa, hutoa E ya takribani hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Chini huko sikio halitenganishi noti vizuri. Noti mbili zikikaa karibukaribu husikii noti mbili, unasikia mngurumo. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na mkono wa kushoto wa kinanda ukishuka huko nilipo mimi, mmoja wetu lazima atoke.

Kipimo ninachowapa wapiga kinanda ni hiki: besi ikiwepo, mkono wa kushoto usishuke zaidi ya oktavu moja (noti nane, kutoka do hadi do) chini ya C ya kati, ile iliyo katikati ya kinanda, na mara nyingi unaweza kupumzika kabisa. Mkono wa kulia nao usirukeruke. Ukitoka kordi ya G kwenda C, usiuhamishe mkono wote kwenda kuitafuta C upya. Umeshika G, B, D. Acha kidole cha G palepale, B ipande kwenda C, D ipande kwenda E. Vidole viwili vimesogea kidogo tu, kordi imebadilika, na msikilizaji hakushtuliwa.

Magitaa mawili yana ugonjwa huohuo. Yote mawili yakipiga G ileile ya wazi kwa mkwaruzo uleule, una gitaa moja lenye kelele zaidi. La kwanza libaki na G ya kawaida. La pili lifunge kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote) kwenye freti ya 5, yaani kichuma cha tano shingoni, na kupiga kwa maumbo ya vidole ya D. Ufunguo (noti ambayo wimbo umejengwa juu yake) ni uleule wa G, lakini sauti inakaa juu, inang'aa, haimgusi mwenzake. Kama la kwanza linakwaruza mfululizo, la pili lidonoe noti mojamoja.

Besi na mguu wa dramu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hawa wawili wakishikana, wengine wote wanaweza kukosea na wimbo usianguke.

Chukua wimbo wa taratibu, mapigo 72 kwa dakika. Ngoma ya mguu inagonga pigo la 1 na la 3, snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, inapiga la 2 na la 4. Besi iingie pamoja na mguu, si kabla, si baada. Mpiga dramu akiongeza mguu mmoja kabla ya pigo la 3, naye wa besi aongeze palepale. Wapiga besi wengi wanalijua hilo. Wasichokijua wengi ni kwamba noti ina mwanzo na ina mwisho, na mwisho nao unapigwa. Jaribu kuikata noti yako pale hasa snea inapolia. Usiiache ivuke. Snea inapata uwazi wake, na wimbo unaanza kutembea ingawa hakuna aliyeongeza kasi. Kwenye kiitikio, ukitaka ukubwa, iache noti ivuke mpaka pigo linalofuata. Noti ni zilezile, lakini watu watahisi mlango umefunguliwa.

Zoezi lake: siku ya mazoezi, wengine wote waweke mikono magotini. Besi na dramu peke yao wapige kiitikio mara nne, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ikiwa inalia. Ikisikika kama mtu mmoja, endeleeni. Isiposikika hivyo, msiongeze kinanda kuficha.

Na simameni karibu. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, maana yake mtu aliye mita 10 kutoka kwenye dramu anaisikia ikiwa imechelewa karibu sekunde 0.03. Ni kidogo, lakini ukiifuata unachelewa nawe, na aliye mbali zaidi anakufuata wewe uliyechelewa. Mimi husimama upande wa hi-hati ya dramu (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu), mahali ambapo naona mguu wa mwenzangu. Kama jukwaa limewapanga mbalimbali kwa ajili ya kupendeza, ombeni mpangwe upya, au kila mtu awe na monita yake, spika ya kujisikilizia.

Ufunguo ni wa waumini

Kiongozi wa sifa mwenye sauti kali huchagua ufunguo unaomfaa yeye. Waumini hawakuja kwenye majaribio ya sauti. Ukiwapandisha kupita D ya juu, ile iliyo oktavu moja na hatua moja kutoka C ya kati (wanaume wakiwa oktavu moja chini yake), midomo inaanza kufungwa safu kwa safu. Tafuta noti ya juu kabisa ya wimbo. Tuseme wimbo uko kwenye G na noti hiyo ni ti ya solfa, yaani F# (F shapu, nusu hatua juu ya F). Ushushe hadi E♭ (E flati, nusu hatua chini ya E), na ti itakuwa D. Imeimbika. Mpiga gitaa atanung'unika kusikia E♭; mwambie afunge kapo freti ya 1 apige maumbo ya D, au freti ya 3 kwa maumbo ya C.

Ili kushusha ufunguo kusiwe msiba, jifunzeni nyimbo kwa namba badala ya herufi. Aliyesoma solfa tayari anazo: do ni 1, fa ni 4, so ni 5. Wimbo unaokwenda 1, 5, 6, 4 kwenye G ni G, D, Em, C. Kwenye E♭ ni E♭, B♭, Cm, A♭. Karatasi ni moja, na kiongozi akibadili mawazo dakika tano kabla ya ibada hakuna anayekimbilia kalamu.

Ufunguo wenyewe tunauonyesha kwa vidole. Kila timu ina ishara zake na hakuna zilizo bora kuliko nyingine, mradi mmekubaliana. Sisi, vidole vinavyotazama juu vinahesabu shapu za ufunguo: kimoja ni G, viwili ni D. Vinavyotazama chini vinahesabu flati: kimoja ni F, vitatu ni E♭. Mkono uliopindwa kama herufi C, basi ni C. Kidole kinachozunguka ni kurudia kiitikio. Ngumi ni kumaliza. Ishara itolewe kabla mstari haujaisha, maana mpiga dramu anahitaji nafasi ya kuandaa mpito. Ngumi inayotolewa kwenye pigo la mwisho haimfai mtu.

Mazoezi yenyewe sina mengi ya kusema. Wimbo unajifunzwa nyumbani. Kwenye mazoezi mnaunganisha. Anzeni na mwanzo wa wimbo, mipito na mwisho, kwa sababu katikati hujiendesha.

Kupanda na kushuka

Wote mkiingia kwenye mstari wa kwanza, kiitikio kitapata wapi nguvu? Ubeti wa kwanza uwe wa kinanda na sauti. Besi iguse pigo la 1 tu, au isubiri. Dramu iingie na hi-hati kwenye ubeti wa pili. Kiitikio cha kwanza kisiwe kikubwa kama cha mwisho. Kisha, kiitikio kimoja kuelekea mwisho, vyombo vyote viache, yabaki makofi na sauti za watu. Nawaombeni msiogope ukimya huo. Huwa ndio wakati pekee waumini wanajisikia wenyewe wakiimba.

Kuhusu sauti ya jukwaani, kipimo changu ni chepesi: kama huyasikii maneno ya anayeongoza, chombo chako kiko juu. Punguza chako kabla ya kumwomba fundi mitambo aongeze cha mtu. Gitaa likipanda, kinanda kitapanda, dramu itapigwa kwa hasira, na fundi atapelekewa lawama za vita asivyovianzisha.

Pambio lisiloulizwa

Sasa lile linalotutoa jasho. Katikati ya ibada mtu anainuka na kuanzisha pambio kwenye ufunguo anaoujua yeye na Mungu wake. Kinachotokea mara nyingi: kinanda kinajaribu G, gitaa linajaribu A, besi inateleza juu na chini kama inayotafuta funguo gizani, na waumini wanasikia muziki wa aina nne. Utaratibu ninaoutetea ni huu.

Mwenye ruhusa ya kuingia mara moja ni mpiga dramu, maana dramu haina ufunguo. Lakini ajiunge na makofi yaliyopo, kwa hi-hati tu, na asijaribu kurekebisha mwendo wa watu. Kutafuta ufunguo ni kazi ya mtu mmoja, kwa kawaida mpiga kinanda, sauti ikiwa imeteremshwa. Asihangaike na kordi. Asikilize noti ya mwisho ya kiitikio, kwa kuwa mapambio mengi humalizikia kwenye do. Aishike noti hiyo kooni, aitafute kwa kidole kimoja. Akiipata, asubiri mstari ufunge tena, apige so halafu do taratibu. Zikikaa, anainua vidole. Besi inaingia mwanzo wa mzunguko unaofuata, kamwe si katikati ya mstari. Magitaa baada ya besi. Mzunguko mmoja au miwili ya kusubiri haijawahi kumuua mtu.

Na kama ufunguo haupo? Sauti za watu hazijafungwa kwenye A ya hezi 440 inayotumika kulinganishia vyombo, na mara nyingi pambio huangukia kati ya noti mbili za kinanda. Msiwafukuze. Acheni mzunguko uishe, dramu ishike mwendo yenyewe kwa mapigo manne, kinanda kipige kordi ya 1 kwa nguvu na uwazi, kisha mwimbaji mwenye maiki aanze mstari kwenye ufunguo huo mpya. Watu humfuata mwenye maiki. Kati ya noti ya juu na ya chini, mimi huchagua ya chini, maana pambio likinoga litarudiwa mpaka makoo yakauke.

Wakati wa maombi mambo ni rahisi zaidi, ingawa yanaharibiwa na wenye vidole vinavyowasha. Kordi ya 1 na ya 4, sauti laini ndefu ya kinanda, basi. Mpiga dramu aweke vijiti chini. Akitaka, ayasugue matoazi polepole kwa vijiti vyenye vichwa laini. Besi ipige noti ndefu au inyamaze. Usipige tuni ya wimbo ambao watu wanaujua, kwa sababu mtu ataliacha ombi na kuanza kufuata maneno kichwani.

Kumaliza wimbo, chagueni mtu mmoja wa kutazamwa. Kwetu ni mpiga dramu: akiinua mkono, kordi ya mwisho inashikwa, akiushusha, wote mnaachia, na besi inazimwa kwa kiganja ili isibaki ikinguruma chini ya sauti ya mchungaji.

Na mpiga kinanda anayetumia kitufe cha transpozi, kile kinachohamisha ufunguo wa kinanda, akirudishe kwenye sifuri kila wimbo unapoisha, kabla hajageuza karatasi. Akisahau, wimbo unaofuata utaanza kwa kinanda kuwa E♭ na wengine wote kuwa C, na hapo hakuna ishara ya vidole itakayowasaidia.